Je, jengo jipya lahitaji mhakiki wa mifumo kabla ya kupokelewa?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Pamoja na ndugu zangu watatu tunajenga jengo la ghorofa nane Kilimani, Nairobi, maduka na ofisi zikiwa chini na nyumba za kupangisha juu. Tumefika ghorofa ya tano, na mafundi wa mabomba na umeme wameshaanza kazi ghorofa za chini. Mhandisi wetu anatushauri tumlipe mtaalamu wa nje afanye komishoningi, yaani ahakiki mifumo yote ya jengo kabla hatujalipokea. Kontrakta anasema huko ni kutupa pesa, kwa kuwa kila fundi atajaribu kazi yake na serikali itakagua. Kaka yangu naye ana jengo la zamani South B na anauliza kama hilo pia linaweza kuhakikiwa. Tumsikilize nani?

Jibu:

Mwalimu, msikilizeni mhandisi wenu, lakini msikubali kununua kila huduma itakayowekwa mezani kwa jina hilo. Jengo la kiasi cha lenu linahitaji uhakiki wa mifumo michache inayotegemeana, unaofanywa na mtu asiyelipwa na kontrakta, na unaokamilika kabla cheti cha kukamilika kwa kazi hakijatiwa saini. Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine, kwa sababu mwenye jengo husikilizwa sana wakati bado anadaiwa, na akishamaliza kulipa huanza kupigiwa hesabu ya siku za kusubiri fundi arudi.

Uhakiki ninaouzungumzia hapa si ile ziara ya siku moja ya kuangalia rangi, milango na vigae. Ni mfuatano wa kazi unaoanza na maandishi: wenye jengo wanaeleza kwa lugha ya kawaida wanachotaka jengo lifanye, wasanifu wanaeleza namna watakavyolifikisha hapo, na kuanzia siku hiyo kila hatua inapimwa kwa maandishi hayo. Michoro inapitiwa, vifaa vinavyoletwa kiwanjani vinalinganishwa na vilivyoagizwa, mabomba na nyaya vinakaguliwa kabla plasta na dari havijavifunika, kisha mifumo inawashwa na kujaribiwa, kwanza mmoja mmoja na baadaye yote pamoja. Mwishoni watakaobaki na jengo wanafundishwa kuliendesha na majalada yanakabidhiwa. Huko Marekani chama cha wahandisi cha ASHRAE kilitoa mwongozo wa utaratibu huu mwaka 2005, na kikaufuatisha na kiwango kamili mwaka 2013, huku Uingereza wahandisi wakitumia miongozo ya chama chao cha CIBSE. Jengo jipya linalotafuta LEED, cheti cha majengo yanayojali mazingira, haliwezi kukipata bila uhakiki wa msingi. Lenu halitafuti cheti hicho, kwa hiyo mna uhuru wa kuchagua yanayowafaa na kuyaacha mengine.

Sasa tuje kwa hoja za kontrakta. Ya kwanza, kwamba kila fundi atajaribu kazi yake, ni ya kweli kabisa. Fundi wa jenereta ataiwasha na itanguruma. Fundi wa lifti atapanda nayo na kushuka. Wa pampu atafungua bomba la ghorofa ya nane na maji yatatoka. Kila mmoja atatia saini karatasi yake na kwenda zake, na hakuna atakayekuwa amesema uongo. Lakini wapangaji wenu wataishi katika jengo ambamo umeme wa Kenya Power unakatika saa mbili usiku, watu watatu wamo ndani ya lifti, pampu inasukuma maji kwenda juu na nyumba kadhaa zinapika. Kinachotokea katika dakika ile hakimo katika mkataba wa fundi yeyote, na ndicho hasa mhakiki analipwa kukijaribu.

Niieleze dakika hiyo kwa undani, kwa kuwa katika kazi yangu ndiyo iliyonikutanisha na malalamiko mengi kuliko jambo jingine lolote. Umeme ukikatika, swichi ya chenjiova hungoja kidogo ijiridhishe kwamba haukupepesa tu, kisha huiamuru jenereta iwake. Jenereta ikifikia kasi na volti zinazotakiwa, yaani 415 kati ya fezi na fezi na 240 kwa fezi moja, swichi hulihamishia jengo huko. Hapo mota zote zilizokuwa zikizunguka hutaka kuanza kwa pamoja, na mota inayowashwa moja kwa moja huweza kuvuta, kwa muda mfupi, mkondo wa mara sita ya ule wa kawaida. Jenereta iliyochaguliwa kwa kujumlisha mizigo ya kawaida huzidiwa, volti zinashuka, swichi za mota zinaachia, na jengo zima linarudi gizani. Katika jengo moja la ofisi la Upper Hill nililoitwa kulichunguza, hali hiyo ilikuwa ikijirudia karibu kila umeme ulipokatika saa za kazi, na mwenye jengo alikuwa ameshauriwa anunue jenereta kubwa zaidi. Hakuihitaji. Lifti na pampu zilipangiwa kuingia kwa zamu, sekunde kadhaa zikitenganisha moja na nyingine, kwa vidhibiti muda ambavyo bei yake haiwezi hata kutajwa pamoja na bei ya jenereta. Vipimo vilivyofanywa siku ya makabidhiano vilikuwa sahihi vyote, ila vilifanywa jengo likiwa tupu.

Kwa hiyo jaribio ambalo singekubali liachwe kwa bei yoyote ni hili: jengo likiwa na mizigo yake yote, halisi au ya kubuniwa, umeme wa nje ukatwe makusudi kwenye swichi kuu, na watu wasimame lifti ilipo, penye pampu, penye paneli ya king'ora cha moto na katika ngazi za dharura, kila mmoja akiandika kilichotokea na kilichukua muda gani. Kisha umeme urudishwe, kwa sababu kurudi kwake nako huwa na vituko: jenereta inayokataa kuzima, pampu inayobaki imelala mpaka mtu abonyeze kitufe, saa za taa za nje zilizopoteza majira. Jaribio lirudiwe usiku, ili ionekane kama taa za dharura za ngazini zinamulika vya kutosha kwa muda ulioandikwa kwenye michoro.

Kuna jambo jingine la jenereta ambalo ni letu sisi watu wa nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini inayovuta hewa hii bila turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachoonekana. Yenye turbo hupoteza kiasi kidogo kuliko hicho, lakini si kitu cha kupuuzwa. Uwezo unaoandikwa ubavuni mwa jenereta huwa ni wa mazingira ya kawaida ya vipimo vya kiwandani, si wa Kilimani. Mhakiki anapaswa kudai karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha uwezo kwa mwinuko huu, kisha aipime jenereta ikiwa na mzigo kwa saa kadhaa, akisoma joto la maji, shinikizo la oili na uthabiti wa volti. Mwinuko huohuo unazigusa pampu zinazovuta maji kutoka chini yake. Pwani hewa inaweza, kinadharia, kuyainua maji mita 10 hivi. Hapa ni chini ya mita 8.5, na katika mabomba halisi yenye kona na vali kiasi hicho hupungua tena. Pampu iliyowekwa juu ya tangi la chini kwa kunakili mchoro wa jengo la pwani itapiga kelele na kula visukumio vyake mwaka hadi mwaka, na lawama zitamwangukia aliyeitengeneza.

Baada ya umeme, maji. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji ya jiji kwa mgao, kwa hiyo jengo lenu litaishi kwa tangi la chini, tangi la juu, na pengine kisima. Mfumo huu unaonekana rahisi na ndiyo maana hupuuzwa. Bomba likiwa halijafunikwa, lijazwe maji na kusukumwa kwa shinikizo la mara moja na nusu ya litakalotumika, liachwe hivyo kwa muda ulioandikwa, na kipimo kisomwe mbele ya mhakiki, si kuripotiwa kwa simu. Tangi la chini likaushwe hadi pale pampu inapopaswa kujizima yenyewe, kwa kuwa pampu inayozunguka bila maji huungua, na floti ya kuizima huwa imefungwa vibaya mara nyingi kuliko mnavyodhani. Tangi la juu lijazwe mpaka pampu ikatike, na mtu awe juu kuona kama maji yanafurika. Kisha shinikizo lipimwe katika nyumba ya juu kabisa na katika duka la chini kabisa: kila mita 10 za kimo huongeza takriban baa moja ya shinikizo, kwa hiyo katika jengo la ghorofa nane linalolishwa na tangi la paa, nyumba za juu zinaweza kukosa nguvu ya kuwasha hita ya bafuni ilhali za chini zinapasua mipira ya sinki. Tofauti hiyo hurekebishwa kwa vali na pampu ndogo ikigunduliwa mapema, na kwa kubomoa vigae ikigunduliwa na mpangaji.

Mkichimba kisima, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji ni lazima, na maji yapimwe maabara kabla ya kuunganishwa na matangi. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kama maji yenu yatazidi hapo, mtambo wa kuyachuja au mpango wa kuyachanganya uingizwe katika orodha ya mifumo ya kuhakikiwa. Na kwa kuwa jengo lina maegesho chini ya ardhi, nadhani ni sahihi kuchukulia hivyo kwa Kilimani, pampu za kutoa maji ya mvua zijaribiwe kwa kumwagiwa maji ya kweli kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Waliojionea mafuriko ya Aprili na Mei 2024 jijini hawahitaji kuelezwa sababu. Zijaribiwe pia zikiwa kwenye jenereta, maana mvua kubwa na kukatika kwa umeme huja pamoja.

Kuhusu moto nitakuwa mkali kidogo. King'ora kulia si jaribio. Jaribio ni kupuliza moshi wa majaribio kwenye kitambuzi kimoja cha ghorofa ya sita na kufuatilia kila kinachopaswa kutokea: paneli itaje ghorofa sahihi, lifti ishuke chini na kufungua milango badala ya kupeleka watu juu, feni zizime au ziwake kama ilivyoandikwa, milango yenye kufuli za umeme ijiachie, na pampu ya zimamoto iingie mara mpira wa maji unapofunguliwa. Orodha hiyo ya sababu na matokeo inapaswa kuwa imeandikwa na mhandisi tangu wakati wa usanifu. Mkiiomba na mkaambiwa bado haipo, mmeshapata thamani ya ada ya mhakiki. Mara kadhaa nimekuta waya wa kuunganisha paneli ya moto na lifti ukining'inia, kwa sababu fundi wa king'ora aliuleta mpaka chumba cha mashine na fundi wa lifti hakuambiwa auchukue.

Jambo dogo, lakini ambalo mtashukuru: mita za wapangaji. Nyumba zikiwa bado tupu, mita moja izimwe, mtu apite kila mlango kuona ni nyumba ipi iliyopoteza umeme, kisha ifuate nyingine, na hivyohivyo kwa mita za maji. Mita zilizopishana, ambapo wa 3A analipia joto la maji la 3B, ni chanzo cha ugomvi ambao hauwezi kusuluhishwa kwa haki baada ya mwaka mmoja, kwani hakuna anayejua nani anamdai nani. Kama mita ya maeneo ya pamoja itaangukia katika bei ya watumiaji wakubwa, kapasita za kurekebisha mgawo wa nguvu, yaani sehemu ya nguvu inayovutwa ambayo kwa kweli hufanya kazi, nazo zijaribiwe zikiwa na mzigo, kwa kuwa Kenya Power hutoza nyongeza mgawo huo unaposhuka chini ya 0.9, na kifaa kilichofungwa kinyume hukaa ukutani kikiwaka taa ya kijani bila kufanya kazi.

Hoja ya pili ya kontrakta ni kwamba serikali itakagua. Itakagua, na muipe heshima yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili miradi na makontrakta na kufuatilia ubora wa ujenzi. Kaunti ya Jiji la Nairobi hulinganisha jengo na michoro iliyoidhinishwa na kutoa cheti cha kuruhusu watu kulikalia. Lifti, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inapaswa kuchunguzwa na mtu aliyeidhinishwa kila baada ya miezi 6, na Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za mwaka huohuo zinadai ukaguzi wa kila mwaka. Wakaguzi hao wanauliza kama jengo ni halali na salama. Hakuna kati yao anayeuliza kama jenereta itabeba maduka na ofisi mlizoahidi kwenye tangazo, kama pampu inakula umeme mara mbili ya inavyostahili, au kama mpangaji wa ghorofa ya nane ataoga. Hayo ni maswali ya mwenye mali, na ni mwenye mali anayepaswa kumweka mtu wa kuyauliza. Kumwachia kontrakta ayajibu mwenyewe ni kama mwanafunzi kusahihisha mtihani wake. Anaweza kuwa mwaminifu na bado asiyaone makosa yake.

Mtauliza faida ni kiasi gani. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009 na Evan Mills, ukihusu majengo 643. Kwa majengo mapya, gharama ya kati ya uhakiki ilikuwa karibu asilimia 0.4 ya gharama ya ujenzi, na nishati iliyookolewa ilikuwa asilimia 13; kwa majengo yaliyokwisha kutumika, nishati iliyookolewa ilikuwa asilimia 16 na gharama ilijirudisha kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Nawaomba msizichukue takwimu hizo kama ahadi. Majengo mengi ya kule hutumia nishati nyingi kupasha joto na kupoza hewa, ilhali jengo la makazi Kilimani, madirisha yakipangwa vizuri, halihitaji kiyoyozi hata Februari. Atakayewaambia mtaokoa asilimia 13 ya bili ya umeme anauza karatasi. Faida yenu itakuwa kwingine: mpangaji asiyehama baada ya miezi mitatu, vigae visivyobomolewa, mota isiyoungua, duka lisilodai kupunguziwa kodi kwa sababu friji zilizimika. Haya ni magumu kuyapigia hesabu mapema, lakini mwenye nyumba yeyote wa Nairobi anayajua kwa majina ya wapangaji waliohama.

Sasa la kufanya, kwa kuwa mko ghorofa ya tano. Wakati bora ulikuwa kabla ya zabuni, ambapo majaribio yote yangeandikwa katika orodha ya kazi na kila mkandarasi mdogo angeyawekea bei akiwa anashindana na wenzake. Wakati huo umepita, na baadhi ya mambo mtayalipia kama kazi ya ziada. Hata hivyo mabomba mengi na nyaya nyingi bado zinaonekana, na hilo lina thamani kubwa kuliko mnavyofikiri, kwa hiyo mhakiki aanze mwezi huu na si siku rangi itakapokuwa inakauka.

Kwanza, wewe na ndugu zako muandike kurasa mbili au tatu za matakwa yenu. Msiandike vifaa, andikeni matokeo: umeme ukikatika ni mizigo ipi lazima iendelee na ipi inaweza kungoja, maji ya akiba yatoshe siku ngapi bila mgao, lifti ngapi zitembee kwenye jenereta, nani atakayesoma mita. Mkikaa ndugu wanne kuandika hayo mtagundua hamkubaliani, na ni afadhali mgombane sasa juu ya karatasi. Mhandisi aijibu karatasi hiyo kwa maandishi, akionyesha usanifu wake unatimiza kipi na hautimizi kipi.

Pili, mhakiki awe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, mwenye uzoefu wa mitambo na umeme pamoja, asiwe mshirika wa kontrakta wala muuzaji wa vifaa, na aripoti kwenu moja kwa moja. Mhandisi msanifu anaweza kufanya kazi hiyo katika majengo madogo, na wengine watawaambia inatosha. Kwa lenu ningependa mtu mwingine, kwa sababu baadhi ya kasoro zitakuwa za usanifu wenyewe. Mlipeni kiasi kilichopangwa, kwa ziara na majaribio yaliyotajwa, wala si kwa asilimia ya gharama ya jengo. Mkataba useme kwamba jaribio likishindwa, kurudiwa kwa mara ya kwanza ni kazi ya kawaida, lakini kuanzia mara ya pili ada ya mhakiki itakatwa kwa mkandarasi aliyehusika. Kifungu hicho peke yake huwafanya mafundi wajaribu kazi zao sawasawa kabla ya kumwita mtu, na kontrakta mzuri hatakipinga, kwa kuwa naye hupunguziwa safari za kurudi kutengeneza bila malipo.

Tatu, na hapa ndipo niliposema pana uzito, zungumzeni na msanifu majengo wenu. Katika mikataba ya kawaida ya ujenzi hapa Kenya, yeye ndiye hutoa cheti cha kukamilika kwa kazi, na cheti hicho huachilia nusu ya fedha mlizomzuilia kontrakta na kuanzisha kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 6. Akubali kwa maandishi kwamba hatakitoa kabla ripoti ya mhakiki haijaonyesha majaribio makuu yamefaulu: umeme kukatwa na kurudi, maji, moto pamoja na lifti, na pampu za mvua. Kasoro ndogondogo ziorodheshwe na kungoja. Mtasukumwa muharakishe, kwa sababu mkopo unadai na wapangaji wameshalipa amana. Wiki mbili za kungoja zipangwe katika ratiba tangu sasa ili zisionekane kama ucheleweshaji.

Makabidhiano yajumuishe michoro ya jengo kama lilivyojengwa, barua za dhamana zikiwa kwa jina lenu na si la kontrakta, orodha ya namna kila kidhibiti kilivyosetiwa, na nywila za paneli ya moto, ya jenereta na ya lifti. Nywila nazisisitiza: mwenye jengo asiyekuwa nazo hubaki amefungwa kwa kampuni moja ya matengenezo kwa bei yoyote itakayotaka. Mafunzo apewe yule atakayekaa na jengo, mtunza jengo na mlinzi wa usiku, na mtu ayarekodi kwa simu, kwani mtunza jengo wa kwanza hatakuwa wa mwisho. Mwezi mmoja kabla ya kipindi cha kasoro kuisha, mhakiki arudi. Jengo likiwa limejaa watu atayaona mengi ambayo hayakuonekana likiwa tupu, na bado kutakuwa na fedha za kontrakta mkononi mwenu.

Kuhusu jengo la kaka yako South B: ndiyo, linaweza kuhakikiwa, na pengine atapata faida ya haraka kuliko ninyi, maana kasoro zake tayari zinalipiwa kila mwezi. Asianze kwa kumwita mhandisi. Akusanye bili za umeme na maji za miaka miwili, kisha apime kina cha maji katika matangi saa tano usiku na tena saa kumi alfajiri, vali ya kuyajaza ikiwa imefungwa usiku kucha ili kinachopungua kionekane. Kama maji yanapungua watu wakiwa wamelala, kuna vyoo vinavyovuja au bomba lililopasuka ardhini. Ahesabu pia pampu ya maji inawaka mara ngapi kwa saa. Ikiwaka na kuzima kila dakika chache, tangi la shinikizo limepoteza hewa yake, na hilo hurekebishwa kwa siku moja. Kama jengo lake linafikia matumizi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka, jambo ambalo sidhani kwa nyumba za kupangisha peke yake, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zilidai ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu (aulize kama bado ni hivyo), na kazi hizo mbili zinaweza kufanywa kwa pamoja. Akishakuwa na bili, vipimo vya usiku na hesabu ya pampu, amwite mhandisi amwonyeshe, na ada watakayokubaliana itakuwa ndogo kuliko angemwita mikono mitupu.